Mkarafuu Nao Ulikuwa Mgeni

Siku hizi kila tukikutana barazani tunagawana mbegu za miti ya kigeni, tunaotesha kwenye makopo ya rangi na madumu yaliyokatwa. Leo tumzungumze mgeni mmoja tuliyesahau kuwa ni mgeni.

Kwao mkarafuu ni visiwa vya Maluku, Indonesia: Ternate, Tidore na jirani zake. Katika karne ya 17 Waholanzi waliikata mikarafuu ya visiwa vingi huko ili biashara ibaki mikononi mwao. Karafuu kavu waliziuza duniani bila hofu, maana karafuu kavu ni tumba la ua lisilofunguka. Hata uimwagilie mwaka mzima haioti. Mbegu imo ndani ya tunda lililoiva, haya tunayoyaita mapeta, nayo ikikauka imekufa. Kwa hiyo kuutorosha mti huu kwa jahazi ilikuwa kazi kubwa. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre, msimamizi wa Mauritius, alifanikiwa kuletewa mikarafuu hai. Ikavuka hadi Réunion, na mwanzoni mwa karne ya 19 Saleh bin Haramil al-Abri anatajwa kuwa ndiye aliyeileta Unguja. Sayyid Said akaipenda biashara yake. Inasimuliwa aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi.

Wengi wakifika hapa husimulia utajiri na majumba. Sisi tunauliza: nani alikuwa akiimwagilia ile miche? Mche wa mkarafuu ni kama mtoto mchanga, unataka kivuli na maji bila kukosa, na hauzai mpaka ipite miaka 6 au zaidi. Kazi hiyo waliifanya watumwa waliotolewa bara, wanaume kwa wanawake. Sheria ilipowapa watumwa haki ya kudai uhuru mwaka 1897, masuria hawakuingizwa. Walingoja mpaka 1909. Miaka 12, ndugu zetu, na wengi wetu hatukufundishwa hayo skuli.

Aprili 1872 kilipiga kimbunga, Unguja ikapoteza sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi yake. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na ndiyo maana mpaka leo karafuu nyingi zinatoka huko. Kila mti uliorudishwa Unguja ulianza upya kwenye mbegu.

Basi ukitaka wako uani, usinunue mbegu kavu za pakiti, ni pesa ya bure. Mwombe mtu wa shamba mapeta yaliyoanguka karibuni. Yaroweke usiku mmoja, menya ganda taratibu kwa vidole, kisu kitaijeruhi mbegu. Ioteshe siku hiyo hiyo kwenye udongo mwepesi wenye samadi iliyooza, usiifukie chini sana, kisha ezekea makuti juu. Sisi washonaji tuna vipande vya kitambaa chembamba, navyo vinafaa kwa kivuli. Baada ya wiki chache utaona kichwa chekundu chekundu kinatokeza. Usikimbilie kuutoa juani.

Shokishoki na doriani nazo ni wageni kutoka upande ule ule, na mbegu zake hazitaki kuwekwa. Kula tunda, osha kokwa, otesha kabla ya kulala.