Aliyeanzisha Hii Kazi Hakuwa na Digrii

Manze, Alhamisi nina intaviu. Kazi ni ya mchambuzi wa biashara, na mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda. Kila mtu ananiambia nikariri majibu. Mimi nikaamua kwanza kujua hii kazi ilitoka wapi.

Ilitoka kwa chai na keki. Kule Uingereza kulikuwa na kampuni inaitwa J. Lyons, yenye hoteli za chai kila pembe ya London. Makaratasi ya ofisi yalikuwa yanawamaliza. Mwaka wa 1947 wakatuma mameneja wawili Marekani, wakarudi na habari za kompyuta, mashine ambayo wakati huo ilikuwa ya wanasayansi na jeshi. Lyons wakaunda yao, wakaiita LEO. Mwaka wa 1951 ikaanza kupiga hesabu za mikate na keki. Hiyo ndiyo kompyuta ya kwanza duniani kufanya kazi ya kawaida ya biashara.

Lakini mashine haijui biashara. Lazima mtu aiambie. Mtu huyo alikuwa David Caminer. Aliingia Lyons mwaka wa 1936 kama mwanagenzi, bila kupitia chuo kikuu. Akaenda vita, akapoteza mguu Tunisia, akarudi kazini.

Sasa skia walichofanya na oda. Badala ya kila msimamizi wa hoteli kuandika oda yote upya kila siku, kila hoteli ilipewa oda yake ya kawaida kulingana na siku ya wiki. Msimamizi alipigiwa simu, akasema tu kilichobadilika. Basi. Hapo ndipo nilielewa hii kazi: kabla ya kuleta mashine, uliza ni nini hasa kinabadilika.

Nikaenda kujaribu kwa hoteli ya shangazi yangu. Kila jioni anapigia muuzaji simu na kusoma orodha nzima: maziwa, mikate, mayai, unga. Nikamuuliza, "Shangazi, ni nini hubadilika hapa?" Akafikiria, akacheka: "Unga wa mandazi tu. Na mayai, wikendi." Nikaandika kwa daftari.

Sisemi masomo ni bure, wasee. Caminer alisoma sana, ila darasa lake lilikuwa ndani ya kampuni, miaka na mikaka, na kuna mtu alimfungulia mlango akiwa hajui kitu. Hiyo nafasi ndiyo vijana wengi hapa hatupati. Tangazo la kazi linataka digrii na uzoefu wa miaka mitatu, halafu linasema ni kazi ya anayeanza. Uzoefu tutoe wapi?

Kwa hivyo Alhamisi wakiniuliza kwa nini niliacha chuo, nitasema ukweli: karo. Halafu nitafungua lile daftari na kuwaonyesha oda ya shangazi.