Dawa ya Kichwa Chini ya Mlima Hanang

Maziwa ya kibuyu, uji wa mtama na wa ulezi, mboga za porini, mbegu za maboga zilizokaangwa na supu iliyochemshwa pamoja na magome ya miti: kwa vitu hivyo wakazi wa chini ya mlima Hanang walitunza miili yao, kichwa kikiwemo, vizazi kwa vizazi. Gendabi, kata iliyo miguuni mwa mlima huo wenye mita 3,417, ni ya nchi iliyohesabiwa zamani katika wilaya moja ya Mbulu. Taifa lililisikia jina lake kwa majonzi Desemba 2023, tope liliposhuka kutoka mlimani na kuua zaidi ya watu 80 katika vijiji vya huko na mji wa Katesh. Waliokaa hapo kwa wingi ni Wabarabaig, tawi la Wadatoga ambao Wamaasai waliwasukuma kusini kutoka Ngorongoro katika karne ya 19, na Wairaqw, wakulima walioteremka kutoka milima ya Mbulu hasa katika karne ya 20.

Hakuna chakula ambacho watu hawa walikitenga kuwa cha ubongo. Walichokijua vizuri ni magonjwa ya kichwa: kifafa, degedege la watoto, kipandauso, wazimu, na usahaulifu wa uzee. Kwa Wairaqw mgonjwa wa namna hiyo aliweza kupelekwa kwa qwaslarmo, mganga na mpiga ramli, na waliosifika zaidi walitoka katika ukoo wa Manda. Swali la kwanza lilikuwa nani au nini kimeuvuruga mwili, na mara nyingi lawama iliangukia neetlangw, pepo wa vijito na chemchemi. Wadatoga nao walikuwa na koo za waganga, ule wa Daremgajeg ukiwa na sifa kuliko nyingine. Mizizi ilitolewa pamoja na tambiko, na hakuna aliyeona haja ya kuvitenganisha. Mtu anayeisoma historia hii leo hana budi kukumbuka kwamba mganga alimpa mgonjwa kitu ambacho vidonge havina: maelezo ya ugonjwa yaliyoeleweka na jamaa wote waliokaa kumsikiliza.

Magome ya supu ndiyo sehemu ya urithi huo iliyochunguzwa zaidi. Katika miaka ya 1990 Timothy Johns wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, akishirikiana na wenzake wa Afrika Mashariki, alichunguza mizizi na magome ambayo Wamaasai na Wabatemi wa Ngorongoro hutia katika maziwa na supu ya nyama. Walikuta humo saponini na fenoli, kemikali zinazoweza kupunguza lehemu, na wakaona hapo sababu mojawapo ya wafugaji wanaokula mafuta mengi kutosumbuliwa sana na moyo. Kinachoilinda mishipa ya moyo huilinda na ya ubongo, lakini kutoka hapo hadi kusema kwamba gome fulani linaongeza akili ni safari ndefu ambayo utafiti haujaimaliza. Mti mmoja kati ya iliyochunguzwa, ule ambao Wamaasai huuita olmukutan, unajulikana pande nyingi za Afrika Mashariki kwa kazi nyingine: kutoa tegu tumboni. Tegu huyo anahusika na vichwa vya watu wa Mbulu kuliko mmea wowote.

Upande wa jiko, mchango mkubwa ulitoka kwenye pombe. Wairaqw hupika buura, pombe ya mtama, na mpishi wa pombe lazima ajue kutengeneza kimea: nafaka inalowekwa, inafunikwa ichipue, inaanikwa juani, kisha inasagwa. Nafaka inayochipua huzalisha vimeng'enya vinavyovunjavunja wanga. Ndiyo maana kijiko cha unga wa kimea kikitiwa kwenye sufuria ya uji mzito, uji huo hulegea ndani ya dakika chache mpaka ukanyweka. Jambo dogo hili lina uzito mkubwa kwa mtoto. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Uji mwepesi wa kawaida unamjaza maji, na ule mzito hawezi kuumeza. Kimea huruhusu unga mwingi katika bakuli lile lile. Watafiti wa Tanzania walieleza hesabu zake mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mpango wa lishe wa Iringa ulioanza 1983 ukawafundisha akina mama kukitumia. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa 1973, ilikuwa na sehemu katika kazi hiyo. Tahadhari moja haikuachwa nyuma: machipukizi ya mtama yana sumu ya sianidi, kwa hiyo mizizi na vichipukizi hupukuswa kabla ya kusaga, na ulezi ni salama zaidi. Kufikia miaka miwili ubongo wa mtoto umeshakua karibu asilimia 80 ya ukubwa wa ule wa mtu mzima. Hakuna dawa ya mitishamba itakayorudisha miezi iliyopotea hapo, na kwa sababu hiyo ujuzi wa wapika pombe unastahili heshima kubwa kuliko uliyopewa.

Kilichokuja kuudhoofisha mlo huu ni ardhi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali, kwa msaada wa Kanada, ilifungua mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu chini ya shirika la NAFCO, na Wabarabaig wakapoteza takriban ekari 100,000, yakiwemo malisho yao bora. Ng'ombe walipokosa malisho maziwa yalipungua nyumbani. Huku mahindi, yanayozaa kwa wingi na kulindwa na ganda dhidi ya ndege, yalikuwa yakichukua nafasi ya mtama na ulezi. Asubuhi ikawa ya chai na maandazi.

Chai yenyewe ina kasoro isiyosemwa vya kutosha. Tanini zake hukamata madini ya chuma yaliyomo katika mnafu, mgagani na maharage, na chuma ndicho kinachobeba hewa kwenye damu hadi kwenye ubongo. Mtoto mwenye upungufu wa damu husinzia darasani na kuitwa mvivu. Mboga zile zile zikiliwa na ndimu au nyanya, na chai ikisubiri saa moja au mbili, humfaa zaidi. Mbegu za maboga na karanga za kukaanga, vitafunwa ambavyo kila nyumba inaweza kujitengenezea, huongeza mafuta mazuri, protini na madini ya zinki. Madini joto yalipatikana kwa njia nyingine kabisa: chumvi ya viwandani ilianza kutiwa madini hayo nchi nzima katika miaka ya 1990, jambo ambalo chumvi na magadi ya maziwa ya Bonde la Ufa havikuweza kulifanya.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa na wamisionari wa Norwe mwaka 1955 upande wa Mbulu, ndiyo iliyobadilisha kabisa maarifa ya ubongo katika eneo hili. Kifafa kilikuwa kingi wilayani, na wagonjwa waliteseka mara mbili. Mahali pengi Tanzania watu waliogopa kwamba povu la mgonjwa linaambukiza, hivyo aliyeangukia motoni aliachwa aungue. Chanzo chake kimoja kilionekana kwenye nguruwe: mwaka 2004 mtafiti Helena Ngowi na wenzake walichapisha uchunguzi wa nguruwe 770 katika vijiji 21 vya Mbulu: kwa kukagua ndimi tu, asilimia 17.4 yao walionekana kuwa na vifuko vya tegu. Ufugaji wa nguruwe ulikuwa umeenea, na nguruwe wengi walizurura penye vyoo vichache. Miaka mitano baadaye daktari wa neva Andrea Winkler na wenzake walitoa matokeo ya picha za kichwa za watu 212 wenye kifafa waliohudumiwa Haydom. Katika 38 kati yao, takriban asilimia 18, zilionekana alama za vifuko hivyo ndani ya ubongo.

Njia ya mdudu huyu inahitaji kuelezwa taratibu, kwa sababu hapo ndipo wengi hukosea. Anayekula nyama ya nguruwe yenye vifuko isiyoiva hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu hutoka na choo. Mtu yeyote, hata asiyegusa nguruwe maisha yake yote, akiyameza mayai hayo kwa mikono michafu, maji au mboga zisizooshwa, vifuko huweza kuota kwenye ubongo wake. Gome la kutoa tegu humlenga mdudu wa tumboni. Halifiki kwenye kifuko kilicho kichwani, na likizidi kipimo ni sumu. Vidonge vya fenobabito, vilivyoanza kutumika kwa kifafa mwaka 1912, ni vya bei nafuu na huzuia degedege kwa wagonjwa wengi mradi visikatizwe. Wagonjwa wengi wa Mbulu wamekuwa wakitumia hospitali, maombi na mganga kwa pamoja, na si haki kuwacheka: kila kimoja kati ya hivyo vitatu kinajibu swali tofauti.

Kwa wazee ushahidi ni mwembamba zaidi. Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta ugonjwa wa kusahau kwa asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na zaidi, kwa hiyo hauwezi tena kuitwa ugonjwa wa Wazungu. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya 2019 inahimiza mazoezi, kuacha tumbaku, kutibu shinikizo la damu na mlo mzuri, na haipendekezi vidonge vya vitamini kwa ajili ya kumbukumbu. Vitunguu saumu vya Bashay, vinavyojaza magunia Mbulu kila msimu, ni kiungo kizuri cha mboga na huweza kushusha shinikizo kidogo. Visiuzwe kama kinga ya usahaulifu.

Serikali iliitambua tiba asili mapema: kitengo cha utafiti wake kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ikapitishwa 2002. Minadani, hata hivyo, unga wa mizizi bado unauzwa kwenye vikaratasi visivyo na jina wala kipimo. Anayeununua kwa ajili ya mgonjwa wa kifafa na aununue akitaka, lakini asimwachishe vidonge vyake, na daktari aambiwe kinachotumika nyumbani. Nyama ya nguruwe iive hadi ndani, na choo kijengwe kabla ya banda.