Mguu wa 1975, gari la 2005

“Kanyaga, achia! Kanyaga, achia!” Hivyo ndivyo alivyokuwa akinipigia kelele mwalimu wangu wa udereva, mzee aliyekuwa ameendesha malori tangu ujana wake, kila nilipokaribia makutano. Kwake yeye, anayekanyaga breki moja kwa moja bila kupampu si dereva, ni abiria aliyekosea kiti.

Miaka mingi baadaye, siku ya mvua, lori la nyanya lilisimama ghafla mbele yangu. Nikapampu kama nilivyofundishwa. Pedali ikatetemeka na kunguruma chini ya kiatu, nikashtuka, nikauondoa mguu, nikakanyaga tena. Gari lilisimama huku nikiwa naweza kusoma namba za matenga yale. Nilikwenda gereji kulalamika kwamba breki zimekufa. Fundi akalizungusha gari mtaani, akarudi, akanambia breki ni nzima kabisa. Mbovu ulikuwa mguu. Gari lilikuwa la mwaka 2005, na mguu ulifundishwa na mtu wa mwaka 1975.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia historia ya breki.

Agosti 1888, Bertha Benz alilichukua gari alilolibuni mumewe, Carl, bila kumuaga, akawapakia wanawe wawili na kutoka Mannheim kwenda Pforzheim, Ujerumani, safari ya kilomita zaidi ya 100. Kwenye miteremko breki zikaanza kulika. Bertha akamtafuta fundi viatu na kumwomba apigilie ngozi mahali pale panaposuguana na gurudumu. Kwa hiyo breki ya gari ilipata lining yake ya kwanza kwa fundi viatu, na aliyeagiza kazi hiyo ni mwanamke ambaye mumewe alikuwa bado hajathubutu kwenda mbali kiasi hicho.

Ford Model T, iliyoanza kuuzwa mwaka 1908, ilikuwa na pedali ya breki iliyokamata giaboksi badala ya magurudumu. Mwaka 1921 Duesenberg ya Marekani ikaleta breki za mafuta kwenye magurudumu yote manne. Henry Ford, mtu mbishi, aliendelea na fito na nyaya hadi magari yake ya mwaka 1939.

Breki za mafuta ndizo zilizozaa elimu ya mwalimu wangu. Wakati huo gurudumu lilikuwa na ngoma, na ndani ya ngoma breki shuu mbili zinazotanuka kuibana. Ngoma ikipata joto hupanuka, shuu zikawa na safari ndefu zaidi kuifikia, na pedali ikazama hadi sakafuni. Hapo dereva hupampu ili mafuta mengine yasukumwe na pedali ipande. Isitoshe, hadi miaka ya 1960 magari mengi yalikuwa na njia moja tu ya mafuta: bomba likipasuka gurudumu moja, yote manne yamekwenda. Ndiyo maana wazee walioshuka mteremko wa Kitonga na malori yao hawakuitegemea breki. Gia uliyopandia mlima ndiyo unayoshukia, walisema, na injini ikawashikia mzigo.

Sababu ya pili ya kupampu ni kuserereka. Gurudumu lililofungwa kabisa haliongozeki. Utazungusha usukani utakavyo, gari litakwenda linakotaka. Dereva hodari alijua kufunga na kufungua kwa mguu, kwa kusikiliza tairi na kuhisi kiti kinavyoteleza. Ilikuwa kazi ya masikio na makalio kuliko macho. Bert Shankland na Chris Rothwell wa Dar es Salaam walishinda mashindano ya magari ya Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967 wakiwa na Peugeot 404, kwenye matope na vumbi la Afrika Mashariki, na ndani ya gari lile hapakuwa na kompyuta hata moja ya kuwashauri.

Simulizi kama hizi huwafanya watu waseme magari ya zamani yalikuwa chuma. Kweli, yalikuwa chuma, hata mahali yasipopaswa kuwa chuma. Katika mengi yake nguzo ya usukani ilikuwa mtaimbo mmoja mgumu ulioelekea kifuani mwa dereva, na gari likigonga, mtaimbo ulirudi nyuma. Mkanda wa kubana bega na kiuno, aliousanifu Nils Bohlin wa Volvo, ulianza kufungwa kwenye magari mwaka 1959 tu. Sina hamu ya kurudi huko.

Tukirudi kwenye breki, diski zilipunguza lile tatizo la joto la ngoma. Jaguar iliposhinda mashindano ya Le Mans mwaka 1953 ikiwa na diski, wengine walianza kuelewa, na Peugeot 504 ya mwaka 1968, ile iliyokuja kuwa teksi ya safari ndefu nchini Kenya, ilikuwa na diski mbele. Kuserereka kukabaki.

Jibu lake lilitoka kwenye ndege. Ndege inayotua kwenye lami yenye maji haina nafasi ya kuserereka, kwa hiyo miaka ya 1950 kampuni ya Dunlop ilitengeneza kifaa cha kulegeza breki gurudumu linapokaribia kufungwa. Jensen FF ya Uingereza ilikipandisha kwenye gari la kuuzwa mwaka 1966, lakini yalitengenezwa magari 320 tu. Mfumo wa umeme uliokuja kuenea duniani, ABS, ulitengenezwa na Bosch na kuonekana kwenye Mercedes-Benz S-Class mwaka 1978. Kihisi hupima mzunguko wa gurudumu. Likikaribia kufungwa, kompyuta huliachia na kulikamata tena, zaidi ya mara kumi kwa sekunde. Kule kutetemeka kulikonishtua ndiko huko: gari linapampu lenyewe, haraka kuliko mguu wowote. Dereva anatakiwa kukanyaga kwa nguvu, asiachie, kisha akwepe kwa usukani. Ukipampu, unaikatiza kazi.

Si kwamba kifaa hiki ni muujiza. Kwenye changarawe au mchanga, ABS inaweza kurefusha umbali wa kusimama, kwa sababu gurudumu lililofungwa hujirundikia kifusi mbele yake na kifusi hicho husaidia kuzuia. Wakazi wa barabara za vumbi walikumbuke hilo. Na huko Munich, miaka ya 1980, teksi zenye ABS zilipolinganishwa na zisizo nayo, ajali hazikupungua: madereva waliojua wana breki nzuri waliendesha kwa vurugu zaidi.

Huku kwetu teknolojia hii ilifika mtumba. Kuanzia miaka ya 1990 magari yaliyotumika Japani yalimiminika Mombasa na Dar es Salaam, yakiwa na vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya dereva wa Osaka. Unawasha gari, sauti ya dada inakwambia jambo kwa Kijapani. Kumbe anakukumbusha kadi ya kulipia barabara, barabara ambayo hutapita maisha yako yote. Redio inaishia masafa ya 90, stesheni unayoipenda iko 98. Hayo tunayacheka. Yasiyochekesha ni maonyo ya dashibodi tuliyoyaweka kapu moja na huyo dada.

Nimeona gereji ambako taa ya njano ya ABS ikiwaka, dawa yake ni kuichomoa balbu. Wakati mwingine kosa ni kihisi kilichojaa tope, au waya uliokatika mtu alipobadilisha bearing. Gari linauzwa dashibodi ikiwa safi kama uso wa bibi harusi. Mnunuzi anaambiwa lina ABS, anafundishwa asipampu, kumbe mfumo umekufa zamani na magurudumu yatafunga kama ya 1960. Huyo yuko pabaya kuliko mwalimu wangu, ambaye walau alijua anaendesha nini.

Na yanayokuja ni magumu zaidi. Subaru ilianza kuuza EyeSight nchini Japani mwaka 2008: kamera mbili nyuma ya kioo cha mbele zinaitazama barabara na kukanyaga breki dereva akizubaa. Baadhi ya Subaru Forester zinazopita Nairobi leo zinazo kamera hizo. Kioo kikipasuka na kubadilishwa bila kuzipima upya, macho hayo yanaweza kuona makengeza.

Kesho asubuhi, ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, zitafute kwenye dashibodi herufi tatu za njano. Zinatakiwa ziwake, kisha zizime zenyewe. Zisipozima, nenda kwa fundi. Zisipowaka kabisa, muulize aliyekuuzia gari balbu iko wapi.