Ajali za ndege: Kosa la rubani au kusudi?

KILA ndege inapoanguka, swali moja huenea upesi kutoka Nairobi hadi Kakamega: je, rubani alikosea au alikusudia?

Ajali mbili za mashirika ya Afrika zinaonyesha jinsi wachunguzi wanavyolijibu.

Mnamo Mei 5, 2007, ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 737-800 ilianguka kwenye kinamasi muda mfupi baada ya kupaa usiku kutoka Douala, Cameroon, ikielekea Nairobi. Watu wote 114 waliokuwamo walifariki.

Ripoti iliyotolewa mwaka 2010 ilieleza kwamba marubani hawakuhakikisha kama mtambo wa kuiongoza ndege wenyewe ulikuwa umeanza kufanya kazi. Ndege iliinama kulia polepole gizani. King'ora kilipolia, rubani mkuu, akiwa amepotewa na mwelekeo, aliizidisha kuinama. Hitimisho likawa ni kosa.

Novemba 29, 2013, ndege ya shirika la LAM la Msumbiji iliyotoka Maputo kwenda Luanda ilianguka nchini Namibia na kuua watu 33. Rubani mkuu alikuwa amebaki peke yake. Vinasa vilionyesha kwamba kimo kilibadilishwa mara tatu, kutoka futi 38,000 hadi futi 592, huku mlango ukigongwa kwa nguvu. Wachunguzi wa Namibia walihitimisha kuwa alikusudia.

Tofauti ni hii: anayekosea hujaribu kujinasua, hata kama ni kwa njia isiyofaa. Anayekusudia hufuata hatua moja baada ya nyingine.

Hata hivyo, vinasa huonyesha kazi ya mikono, si siri ya moyo. Ndege ya EgyptAir ilipoanguka Oktoba 31, 1999 na kuua watu 217, wachunguzi wa Marekani walisema rubani msaidizi ndiye aliyeielekeza chini, bila kubaini sababu. Misri ilishikilia kuwa mitambo ya mkia ilikuwa na hitilafu.

Jibu lina uzito. Kosa hutibiwa kwa mafunzo, ilhali kusudi hudai ulinzi wa chumba cha marubani na uangalizi wa afya yao ya akili. Hukumu ya haraka huweza kumchafulia jina marehemu asiyeweza kujitetea, na kuwaacha abiria wa kesho katika hatari ile ile.