Maandalizi Kabla ya Balaa: Somo la Goma na Mulago



Katika toleo hili la kumbukumbu tumeona vema tukumbushane jambo ambalo historia imetufundisha kwa gharama kubwa. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Julai 1994 mamia ya maelfu ya watu walivuka kutoka Rwanda wakaingia Goma kwa siku chache tu. Ardhi ya Goma ni mawe ya volkano, kwa hiyo kuchimba vyoo kulikuwa kazi ngumu, na maji ya karibu yalikuwa ya Ziwa Kivu. Kipindupindu kilipozuka, matangi, dawa na watumishi havikutosha. Katika mwezi mmoja walikufa watu wapatao 50,000. Misaada ilifika, tena mingi, lakini wengi iliwakuta wamekwisha kuzikwa.

Baada ya msiba huo mashirika yalikaa pamoja, na mwaka 1997 yakaanzisha mradi wa Sphere ili kuweka viwango vya huduma: maji lita 15 kwa mtu kwa siku, choo kimoja kwa watu 20. Tunapodai lita hizo kambini, tukumbuke makaburi yaliyozizaa.

Somo la pili limetokea karibu zaidi. Makala hii tumeiandika Bukoto, mjini Kampala, wanakokaa baadhi ya wajumbe wetu. Kutoka hapa hadi Hospitali ya Mulago si mbali.

Tarehe 20 Septemba 2022 Uganda ilitangaza Ebola ya aina ya Sudan huko Mubende, nayo baadaye ikafika Kampala. Ugonjwa huo haukuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Chanjo za kufanyiwa majaribio ziliwasili Desemba 8, na mgonjwa wa mwisho alikuwa ametoka hospitali tangu Novemba 30. Hapakuwa tena na mtu wa kujaribiwa. Waliothibitishwa kuugua walikuwa 142, na 55 kati yao walifariki.

Wataalamu hawakufunga daftari. Wizara ya Afya, Chuo Kikuu cha Makerere, Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Entebbe na Shirika la Afya Duniani waliendelea kujiandaa pamoja na wenzao. Dozi ziliwekwa tayari nchini katika baridi kali, na utaratibu wa majaribio ukaandikwa mapema.

Tarehe 30 Januari 2025 ugonjwa ulitangazwa tena, baada ya mtumishi wa afya wa Mulago kufariki. Siku nne baadaye majaribio ya chanjo yalianza. Mlipuko ulitangazwa kwisha Aprili 26. Wagonjwa walikuwa 14, pamoja na wawili waliohesabiwa bila kuthibitishwa na maabara, na waliofariki wanne. Hatusemi chanjo peke yake ndiyo iliyoushinda ugonjwa, kwa kuwa ilikuwa bado ya majaribio, na kazi ya kuwatafuta waliokutana na wagonjwa ilikuwa kubwa. Tunachosema ni kwamba mwaka 2022 kifaa kilifika baada ya hatari kupita, na mwaka 2025 kilikuwa ghalani kikingoja.

Basi tunawaomba wenzetu wa mashirika: klorini na chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji mwilini ziwekwe kambini kabla ya mvua. Mahali pa kuwatenga wagonjwa pakubaliwe sasa, na wakazi waulizwe kabla ya hema kusimamishwa. Majina ya wakalimani na wahamasishaji wa kila mtaa yaandikwe na kupitiwa upya mara kwa mara, maana watu huhama. Nasi wakazi tuna wajibu wetu: mwenye mgonjwa asimfiche, na aliyefundishwa amfundishe jirani.

Waliolala Goma hatuwezi kuwarudisha. Tunaweza kuwaenzi kwa kuwa tayari.