Kichujio kipya pekee hakiongezi nguvu za injini

WENYE magari wengi hudhani kuwa kichujio cha hewa cha bei ghali kitaipa injini nguvu mpya. Ukweli ni kwamba injini ingali ya kiwandani, faida yake huwa ndogo mno.

Injini inayotumia nozeli badala ya kabureta huongozwa na kompyuta. Sensa hupima hewa inayoingia, nayo kompyuta huamua kiasi cha petroli, aghalabu gramu 1 kwa gramu 14.7 za hewa. Sensa nyingine kwenye bomba la moshi husaidia kusahihisha kipimo hicho.

Kichujio kilichoachwa wazi chini ya boneti huvuta hewa yenye joto, ambayo ni nyepesi na hupunguza nguvu. Kile cha pamba kikitiwa oili kupita kiasi, huweza kuchafua sensa.

Hatari kubwa zaidi ni kubadilisha programu ya kompyuta kiholela. Petroli ikipungua au cheche za plagi zikiwahishwa mno, injini hugonga na pistoni zaweza kutoboka. Programu iliyopimwa Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, yafaa kukaguliwa tena kabla ya safari ya Mombasa, ambako hewa ni nzito na injini hugonga kwa urahisi.

Hivyo basi, anza na kichujio safi, plagi nzuri na mirija isiyovuja. Kisha mtafute fundi mwenye vifaa vya kupima mchanganyiko injini ikivuta kwa nguvu zake zote.