Chuma, Moto na Sumaku

Transfoma iliyotundikwa juu ya nguzo ya umeme hailali. Taa za mtaa mzima zikizimwa na watu wakalala, yenyewe huendelea kusumakishwa huku na huku mara 50 kila sekunde katika nchi nyingi, na kila mzunguko hutoza ushuru wake wa joto. Ushuru huo hulipwa kwa maji ya bwawa, kwa makaa ya mawe au kwa mafuta, wala haumnufaishi mtu yeyote. Historia ya feleji iliyo tumboni mwa transfoma ni historia ya kuupunguza ushuru huo. Aghalabu husimuliwa kana kwamba mafanikio yote yalitokana na mchanganyiko wa madini. Mimi naona masimulizi hayo yanalidhulumu tanuru.

Aliyeupa ushuru huu jina ni James Ewing, Mskoti aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Tokyo tangu 1878 hata 1883. Aliona kuwa usumaku wa chuma hukawia nyuma ya nguvu iuvutayo, mfano wa punda mkaidi nyuma ya kamba, akauita ukawiaji huo kwa neno la Kiyunani, histeresisi. Hasara ya pili ni mikondo ya umeme izungukayo ndani ya chuma chenyewe. Dawa ya hiyo ilikuwa nyepesi kidogo: Zipernowsky, Déri na Bláthy, walipounda transfoma zao Budapest katika mwaka wa 1885, hawakutumia pande zima la chuma, bali nyaya au mabamba membamba yaliyotengwa moja na jingine.

Lakini katika miaka ya 1890 wahandisi walipatwa na fadhaa. Chuma kilichokuwa chema siku ya kwanza kilizidi kupoteza nguvu kadiri miezi ilivyopita katika joto la kazi yake, mithili ya mtu azeekaye upesi. Leo sababu yajulikana. Kaboni na naitrojeni zilizosalia ndani ya chuma hujitenga polepole zikawa punje ndogo mno, na punje hizo huzuia mwendo wa mipaka ya maeneo ya sumaku. Wakati ule lilikuwa fumbo, na fumbo lenye gharama kubwa.

Mwaka 1900 William Barrett, W. Brown na Robert Hadfield wa Sheffield walitangaza, kwa njia ya Chama cha Kifalme cha Dublin, matokeo ya kupima aina nyingi za chuma kilichochanganywa. Chuma chenye silikoni kiliwashangaza. Silikoni ya sehemu 3 hivi katika mia huzidisha ukinzani wa umeme zaidi ya mara nne, na ule uzee nao hupungua sana. Hapa ndipo wasimulizi wengi hutua mizigo yao. Walakini Hadfield mwenyewe, alipoomba hati ya uvumbuzi, hakuishia katika mchanganyiko: aliagiza chuma kipashwe moto, kipozwe upesi, kipashwe tena, kisha kiachwe kipoe taratibu sana. Alijua kuwa silikoni bila moto ni nusu ya dawa. Tena silikoni haiongezwi bila kikomo, maana ikipita sehemu 4 hivi katika mia bamba huwa gumu la kuvunjika, wala halikubali kufanywa jembamba kwa baridi.

Basi njia ya mchanganyiko ilifikia ukingo, na ilibidi kutazama umbo la ndani. Chuma ni mkusanyiko wa fuwele, na katika kila fuwele atomi zimepangwa kama pembe za mchemraba. Mwaka 1926 Kotaro Honda na Seiji Kaya, huko Japani, walipima fuwele moja moja wakathibitisha kuwa chuma husumakika kwa urahisi kabisa kufuata ukingo wa mchemraba huo, na kwa taabu kupita pembe hata pembe. Katika bamba la kawaida fuwele zimelala ovyo, kila moja na upande wake. Je, zingewezaje kulazwa upande mmoja?

Jibu lilimjia Mmarekani Norman Goss, aliyepata hati yake mwaka 1934. Alipitisha bamba la feleji ya silikoni likiwa baridi katikati ya rola, akalipasha moto, akalipitisha tena, kisha akalioka kwa joto kali. Bamba lake lilisumakika kwa wepesi usiopata kuonekana, ila katika mwelekeo mmoja tu, ule lilikopitia rola. Katika makala yake ya 1935 Goss aliusifu utaratibu huo kuwa huleta chembe ndogondogo zinazokaribia sifa za fuwele moja. Juu ya sifa alisema kweli. Juu ya udogo mambo yalikuwa kinyume, kwa maana mabamba bora ya namna hii yana chembe kubwa zionekanazo kwa macho matupu. Simtaji kosa lake ili kumdharau. Mkono wake ulifika mahali ambapo maelezo yalichelewa zaidi ya miaka 20.

Maelezo hayo yaliletwa hasa na J. E. May na D. Turnbull mwaka 1958. Ndani ya feleji mna punje za manganisi iliyoungana na salfa. Wakati wa kuokwa punje hizo huzishika chembe zisikue. Zile chache zilizolala kwa mwelekeo wa Goss ndizo zifunguliwazo kwanza, zikawameza jirani zao hata kulitawala bamba zima. Kilichodhaniwa uchafu kumbe kilikuwa bawabu. Kazi yake ikiisha hufukuzwa: joto hupandishwa kufikia digrii 1,200 hivi katika haidrojeni kavu, nayo huiondoa salfa. Kaboni huwa imekwisha kutolewa mapema, kwa haidrojeni yenye unyevu katika joto la digrii 800 na zaidi.

Katika miaka ya 1960 Taguchi na Sakakura wa kiwanda cha Yawata, Japani, waliongeza bawabu mwingine, alumini iliyoungana na naitrojeni, wakalibana bamba kwa nguvu zaidi kabla ya kulioka. Chembe zilizokuwa zikikengeuka kwa digrii 7 hivi zilikaribia digrii 3. Kuwa kubwa mno, hata hivyo, kulileta hasara mpya, kwa kuwa maeneo ya sumaku nayo yalipanuka. Ndiyo maana tangu miaka ya 1980 viwanda hukwaruza uso wa bamba kwa mwali wa leza ili kuyagawa.

Na kazi hiyo yote yaweza kuharibiwa na mkasi. Bamba likikatwa au kupindwa karakanani, chuma cha ukingoni husongwa na usumaku wake huwa mzito. Kwa hiyo viini vya transfoma vilivyoviringwa hurudishwa tanuruni kwa digrii 800 hivi, vikaachwa humo mpaka msongo uwatoke.